Umenunua gari lililotumika: oili ya injini mara moja, oili ya gia boksi kwa hatua

Mtu anayenunua gari lililotumika, liwe limetoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam au limeshapita mikononi mwa watu wawili watatu hapa hapa Mbeya, hununua pamoja nalo historia ambayo hakuna wa kumthibitishia. Muuzaji atasema oili ilimwagwa juzi, na namba za kilomita kwenye dashibodi huenda ni za kweli au zimerudishwa nyuma. Ushauri wangu, unaotokana na miaka ya kumiliki na kuhudumia Toyota IST ya toleo la kwanza katika barabara za Nyanda za Juu Kusini, ni kwamba usiendelee na hesabu ya mtu mwingine, bali uanze ya kwako. Badilisha oili ya injini katika wiki ya kwanza, kisha shughulikia oili ya gia boksi ya otomatiki kwa utaratibu tofauti kabisa, polepole na kwa kipimo. Kazi za oili hizi mbili hazifanani, na uharibifu mwingi ninaoushuhudia kwenye gereji za Mwanjelwa na Soweto unatokana na watu kuzitendea kana kwamba ni kitu kimoja.

Kabla ya kununua chochote, lisome gari lenyewe. Magari mengi ya Japani hubaki na stika ndogo ya huduma, ama kwenye nguzo ya mlango wa dereva ama chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Mwaka ulioandikwa humo huenda ukawa wa kalenda ya Kijapani: ukiona mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2013, ukiwa wa enzi ya Reiwa, jumlisha 2018. Linganisha kilomita za stika hiyo na za dashibodi. Ikiwa stika inaonyesha kilomita nyingi kuliko dashibodi, umepata jibu ambalo muuzaji hakutaka kukupa.

Soma pia bamba la chuma lililo ndani ya chumba cha injini, ambalo huandikwa aina ya injini na aina ya gia boksi. Jina la gari peke yake halitoshi. IST iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007 ina gia boksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne, lakini toleo lililofuata, kwa injini ya sentimita za ujazo 1,500 inayoendesha magurudumu ya mbele, lina gia boksi ya CVT, ambayo ndani yake ina mkanda wa chuma na inahitaji oili ya aina nyingine kabisa. Vivyo hivyo Noah, iliyotoka na gia boksi ya kawaida, kisha ikabadilishiwa CVT kabla toleo lenyewe halijakwisha. Anayefika dukani na kusema tu kwamba anataka oili ya gia boksi ya Noah anamwachia muuzaji abahatishe.

Kwa upande wa injini, mjadala mkubwa huku kwetu ni uzito wa oili. Mafundi wengi hushauri 20W-50 kwa gari lolote lililotumika, kwa hoja kwamba injini imeshachakaa na oili nyepesi itavuja au itaungua. Hoja hiyo ina ukweli kwa injini ambayo kweli inakula oili, lakini kuifanya kanuni ya magari yote ni kuyaonea, hasa katika mkoa wenye baridi kama wetu. Mji wa Mbeya upo kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai, bila kutaja Makete na Njombe ambako barafu huonekana kwenye majani, oili nzito huchelewa kupanda juu ya injini pale unapowasha gari. Namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayoeleza tabia ya oili wakati wa baridi, na ile inayofuata inaeleza unene wake injini ikishapata moto. Injini kama 1NZ-FE ya IST ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na kikaza cheni pamoja na mfumo wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa vali kufunguka, vyote hutegemea presha ya oili. Mimi hutumia 5W-30, na 10W-30 ikikosekana. Ikiwa injini yako inapunguza oili kati ya huduma moja na nyingine, panda hadi 10W-40 na uangalie inavyokwenda kabla ya kufikiria iliyo nzito zaidi.

Angalia vilevile daraja la API, yaani herufi za kiwango cha ubora wa oili, kwenye kopo. Herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli na zinazoanza na C ni za dizeli. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele, ndivyo kiwango kilivyo kipya, kwa hiyo SN na SP ni bora kuliko SF, ambayo imepitwa na wakati tangu zamani lakini bado unaweza kuikuta kwenye galoni za bei rahisi. Nunua galoni ambayo mfuniko wake haujafunguliwa, yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na namba ya toleo iliyochapwa vizuri, na ukimaliza uiharibu, kwa sababu galoni tupu lililo safi ndilo linalomwezesha tapeli kujaza oili ya kubandika jina.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini inataka utulivu. Pasha injini kwa dakika chache ili oili ilainike na ibebe uchafu, kisha izime, uegeshe mahali tambarare, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Fungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, acha oili itoke mpaka imalizike kudondoka, na weka washa mpya (pete ya nati hiyo) wakati wa kufunga. Kwenye filta ndipo ninapoomba uangalifu wa pekee. Unapofungua filta ya zamani, pete yake ya mpira wakati mwingine hubaki imeng'ang'ania kwenye injini, nyeusi juu ya chuma cheusi, na fundi mwenye haraka hafuti mahali hapo wala hatazami. Filta mpya ikifungwa juu ya pete hiyo, mipira miwili hukaa pamoja, na oili hupenya na kumwagika kwa kasi mara injini inapopata presha. Pitisha kidole na kitambaa kuzunguka sehemu yote, paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, na spana ya filta usiiguse.

Injini ya 1NZ-FE hupokea takriban lita 3.7 pamoja na filta, na galoni ni la lita 4. Usimimine lote kwa kuwa tu umelilipia. Oili iliyozidi hupigwapigwa na krenki hadi ikatoa povu, na povu halibebi presha. Mimina lita 3.5, washa injini kwa dakika moja, zima, subiri, kisha ongeza kidogo kidogo ukisoma stiki ya kupimia oili hadi oili ifike karibu na alama ya juu. Baada ya mabadiliko ya kwanza ya gari usilolijua, nashauri umwage tena baada ya kilomita 2,000 au 3,000, kwa sababu oili mpya huosha uchafu wa zamani. Baada ya hapo kilomita 5,000 zinatosha, au miezi sita kwa gari la safari fupi za mjini. Gari linalotoka Forest hadi Uhindini, mitaa ya hapa hapa Mbeya, na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha mvuke wa maji ndani ya injini. Ukifungua mfuniko wa kujazia oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, mara nyingi chanzo ni hicho, ingawa ni lazima pia uangalie kama maji ya rejeta yanapungua.

Sasa gia boksi. Kauli utakayoisikia kila mahali ni hii: "Kaka, gia boksi ikiwa haisumbui, usiiguse." Wengi huwa na mfano wa gari lililobadilishwa oili ya gia boksi na baada ya wiki likakataa kutembea. Sipendi kuwabeza wanaosema hivyo, kwa maana jambo hilo hutokea. Tatizo ni sababu wanayoitaja. Ndani ya gia boksi ya otomatiki mna klachi nyingi nyembamba, na oili ndiyo inayozibana kwa presha, ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kupitia toka konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi), na ndiyo inayopoza kila kitu. Oili isiyobadilishwa kwa miaka mingi huungua, na vumbi la klachi zilizochakaa huelea ndani yake. Ukiisukuma yote nje kwa mashine kwa mara moja, uchafu uliokuwa umelala huamka na kwenda kuziba njia nyembamba za vali. Mara nyingi pia gari lililopelekwa kubadilishwa oili lilikuwa tayari linateleza, mwenyewe akitumaini oili itakuwa dawa, na klachi iliyokwisha hairudishwi na oili yoyote. Kwa hiyo, kosa liko kwenye namna ya kubadilisha na wakati wa kubadilisha. Oili kuukuu ikiachwa humo, inaendelea kuunguza klachi hizo hizo.

Barabara zetu huongeza sababu ya kutochelewa. Kupanda Kitonga na mzigo, au kupanda safu ya milima kuelekea Chunya, au kurudi kutoka Kyela, iliyo karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, hadi Isyonje, huifanya toka konveta izalishe joto kwa muda mrefu mfululizo, na joto ndilo linaloiua oili ya gia boksi kabla ya kilomita zake kutimia. Mtengenezaji anaweza kutaja kilomita 100,000 kwa matumizi ya kawaida. Kwa milima hii mimi hubadilisha kila 40,000.

Njia ninayoiamini ni kumwaga na kujaza kwa awamu. Gia boksi ya IST hii ukifungua nati yake ya chini hutoa karibu nusu tu ya oili yote, nyingine hubaki ndani ya toka konveta na kwenye mirija ya kupozea. Mwaga hiyo inayotoka, rudisha kiasi kile kile cha oili mpya, tembea kilomita 1,000 hivi, halafu rudia. Baada ya awamu ya kwanza oili ya zamani ni kama nusu, baada ya pili ni kama robo, baada ya tatu ni kama sehemu moja ya nane, na gia boksi haikupata mshtuko wowote. Kupima kilichotoka tumia chupa tupu za maji za lita 1.5: mimina humo, zipange, acha zipoe, uone kwa macho ni kiasi gani unapaswa kurudisha.

Katika awamu mojawapo, shusha sampo ya gia boksi. Ndani yake utakuta sumaku ndogo zilizokaa chini. Nilipozitoa za kwangu zilikuwa zimefunikwa na tope laini la kijivu, ambalo ukilisugua kati ya vidole halina chembe yoyote. Huo ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa au mabaki meusi ya klachi yenye harufu ya kuungua, simama hapo, usiendelee kununua oili, tafuta fundi wa gia boksi akague. Na ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani ya gia boksi, kwa kuwa kipozeo chake kipo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Gari la namna hiyo lisitembezwe tena hadi rejeta ibadilishwe, na ndiyo maana ninawasihi wenye magari waache kujaza maji ya mtoni, badala yake watumie kuulanti, maji maalumu ya rejeta.

Kuhusu aina, usikubali neno "haidroliki" peke yake pale dukani. Magari mengi ya Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia T-IV na yaliyofuata hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na hizo mbili hazibadilishani nafasi. Nissan za CVT hutumia NS-2 au NS-3. Mara nyingi aina huchapwa kwenye stiki yenyewe ya gia boksi. Rangi nyekundu si ushahidi, kwani oili nyingi tofauti zina wekundu ule ule.

Kipimo cha gia boksi kwenye Toyota nyingi husomwa gari likiwa limepata moto na injini ikiendelea kuunguruma, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote taratibu na kuirudisha kwenye P, ukisoma upande wa alama ya moto. Injini ikizimwa, usomaji huo ni wa uongo. Magari yasiyo na stiki hupimwa kwa nati ya kufurika, oili ikiwa na joto la takriban nyuzi 40, na kazi hiyo inahitaji kifaa cha kusoma joto, kwa hiyo mpe fundi aliye nacho.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Huku kwetu wapo wanaoitafuta kwa ajili ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, lakini isipakwe karibu na kisima wala kwenye banda la mifugo.

Na gari la otomatiki likizimika mlimani, usikubali livutwe kwa kamba hadi mjini magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, hivyo injini ikiwa imezimwa hakuna oili inayozunguka hata kama lever iko kwenye N. Kwa IST ya magurudumu ya mbele, ni lazima hayo ya mbele yainuliwe. Kwa gari la magurudumu yote manne, lipakiwe lote juu ya gari la kubebea.