Kabla hujachora bango la Kumasi, panda trotro

Mdogo wangu unayetoka Dar kwenda Ghana kusanifu mabango ya barabarani, siku ya kwanza usifungue kompyuta. Panda trotro, ndiyo daladala yao, kaa dirishani, toka Kejetia, kwenye soko na stendi kuu ya Kumasi, mpaka Suame Magazine kwenye magereji. Soma kila bango. Lile lililokupita hujalimaliza, ujue lilikuwa na maneno mengi.

Mimi nilijifungia ofisini. Bango langu la kwanza lilikuwa la mikopo: mama wa makamo anatabasamu, nyuma yake weusi mtupu, herufi nyekundu, na chini ya picha tarehe ya ofa kuanza na tarehe ya kuisha. Nililipenda hilo bango! Lilipopandishwa nikapanda trotro makusudi nikalione. Tulipolifikia konda akasema neno kwa Kitwi, abiria wakaguna kwa huruma. Nikamuuliza jirani yangu kulikoni. Akanijibu, "Anauliza huyu mama kafa lini."

Kule msiba hutangazwa kwa mabango: picha kubwa ya marehemu, tarehe zake, majina ya wafiwa, siku ya mazishi, mara nyingi Jumamosi. Na nyeusi na nyekundu ndizo rangi za kufiwa kwa Waashanti, wenyeji wa Kumasi. Nilikuwa nimemzika mtoto wa watu aliyekuja kupigwa picha apate posho yake. Turubai likashushwa wiki hiyohiyo, na bosi hakunisemesha mpaka lilipochapwa jingine.

Halafu kuna suala la upande. Ghana waliacha kuendesha kushoto tarehe 4 Agosti 1974. Wewe uliyekulia Dar, ukipelekwa kuchagua mahali pa nguzo, macho yatakukimbilia mkono wa kushoto bila kujua. Kule kushoto ni ng'ambo ya barabara, na lori moja tu likipita mbele, bango lako halipo. Simama palepale uhesabu malori.

Vumbi nalo. Kuanzia Desemba hivi mpaka Februari huvuma harmattan, upepo unaoleta vumbi la Sahara, na hewa inageuka kama maziwa yaliyotiwa maji. Rangi za krimu na kahawia hafifu zilizokupendeza kwenye skrini hazionekani tena.

Mwisho, tafuta mafundi wanaochora vibao kwa mkono, wale wa saluni na vibanda vya chakula, wanaoandika majina ya biashara yanayosomeka kama sala. Wasalimie, nunua maji, kaa. Niliyekuwa nakaa naye mimi hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa akichora herufi kwa chaki kwanza, anavuka barabara, anakunja macho kama aliye ndani ya gari, kisha anarudi na kitambaa kufuta nusu ya maneno ya mteja. Mteja akilalamika, anamwambia naye avuke.