Acme kwenye Skrini Kubwa: Fupisha Njia ya Kipanya

Nilipoacha kompyuta mpakato na kuanza kutumia skrini ya inchi 32, nilitarajia raha, kwa kuwa faili nyingi zingekaa wazi kwa pamoja. Wiki ya kwanza haijaisha, kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Natumia Acme, programu ya kuhariri matini ambayo Rob Pike aliibuni katika maabara ya utafiti ya Bell Labs kwa ajili ya mfumo endeshi wa Plan 9 na kuieleza hadharani mwaka 1994. Humo karibu kila jambo hufanywa kwa kipanya, kwa hiyo upana wa skrini hulipwa na mkono.

Kosa langu lilikuwa kuweka msimbo kushoto kabisa na matokeo ya amri kulia kabisa. Sasa naianzisha Acme kwa amri ya acme -c 3 ili nipate safu tatu, na kazi yenyewe nafanyia safu ya kati.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kukumbuka kwamba katika Acme neno lolote ni kitufe. Andika make, amri ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo, kwenye mstari wa juu wa dirisha unalofanyia kazi, ulibofye kwa kitufe cha kati, na amri itatekelezwa bila wewe kuvuka skrini. Kosa likijitokeza kama hesabu.c:27, libofye kwa kitufe cha kulia: faili litafunguka kwenye mstari wa 27 na kishale kitapelekwa hapo chenyewe, mkono ukiwa umetulia. Katika skrini pana, hilo peke yake lina thamani kubwa.

Nunua kipanya chenye vitufe vitatu halisi. Kukata matini ni kushikilia kitufe cha kushoto na kubonyeza cha kati, na kufanya hivyo kwa gurudumu gumu linalotumika kama kitufe cha kati mchana kutwa huchosha kidole sana. Kuza pia herufi, maana mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali pamoja na upana wake, na ukiongeza kasi ya kishale huku maneno yakibaki madogo utayakosa mara kwa mara.

Mpangilio ukikupendeza, bofya neno Dump kwa kitufe cha kati ili uhifadhiwe kwenye faili. Kesho yake acme -l, ikifuatiwa na jina la faili hilo, itarudisha kila dirisha mahali pake.