Muulize Mwalimu: Shaba imekataa kufika 385

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Mwanangu yuko fomu tatu huku Kisauni, walipewa kazi ya kupima uwezo wa joto wa shaba (jouli ngapi zapandisha kilo moja digrii moja), wakachemsha kipande cha gramu 200 kwa sufuria kisha wakakitia kwa maji gramu 150 yalokuwa digrii 28 ndani ya kikombe cha alumini cha gramu 50, maji yakapanda mpaka 35. Kila akipiga hesabu apata 339 na kitabu chasema 385. Kosa liko wapi? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hesabu yake ya maji haina neno: 0.15 mara 4200 mara digrii 7 ni jouli 4410, na shaba imeshuka digrii 65 kutoka 100 mpaka 35, ukigawanya kwa kilo 0.2 mara 65 wapata hiyo 339. Lakini kikombe je? Nacho kimepanda digrii 7 vilevile, alumini ni 900, kwa hivyo kimekula jouli 315 ambazo kijana hakuzihesabu, aziongeze hapo afike 363.

Hizo 22 zilobaki zimekwenda na hewa, hasa pale kipande kinapotoka kwa sufuria, na kama feni ilikuwa yazunguka juu ndo basi tena. Azime feni, kikombe akizungushie pamba, kipande akifunge uzi akipitishe haraka lakini akikung'ute kwanza, maana matone ya maji moto yakiingia nayo jibu litapanda kupita kiasi. Halafu kuna ujanja wa Rumford, mwanasayansi wa zamani, mimi naupenda sana: aanze na maji ya friji ya digrii 24 hivi, chini ya joto la chumba, yataishia kama 32, juu yake, joto yanalolipata toka chumbani mwanzo lafidia lile linalopotea mwisho.

Na shukuruni mko pwani, maji yachemka 100 kweli, Nairobi ni kama 95 na wanafunzi kibao huandika 100 tu kwa mazoea.

SWALI: Mbona mchanga wa Nyali wachoma miguu saa saba mchana na bahari hapo hapo ni baridi? – Kijana wa Kongowea

JIBU: Uwezo wa joto wa mchanga mkavu ni kama 800 hivi, maji 4200, joto lilelile lapandisha kilo ya mchanga digrii tano na kilo ya maji moja tu. Tena jua lazama ndani ya maji na mawimbi yayachanganya, mchanga nao washika joto juu juu, fukua kidogo uguse.