Maswali na majibu: jeni zinazoamua ukali wa streptokoki wa kundi A

Streptokoki yuleyule hukaa kooni mwa mtoto mmoja bila kumsumbua, kwa mwingine anaozesha nyama ya mguu. Je, hizo ni aina mbili tofauti?

Mara nyingi ni ukoo uleule. Jenomu (DNA yote) ya bakteria huyu, *Streptococcus pyogenes*, aina ya M1 (aina hutajwa kwa protini M iliyo juu ya bakteria), iliyochapishwa mwaka 2001 ina herufi za DNA kama milioni 1.85, na jeni nyingi za kumdhuru mgonjwa zimo humo muda wote. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi, na wakati gani.

Mfumo unaotangulia kutazamwa ni wa protini mbili, CovR na CovS. CovS hukaa kwenye utando wa seli na kupokea ishara za nje. Ishara ikifika, hufanya CovR ipate fosfeti kwenye asidi-amino ya 53, nayo CovR hushika DNA na kuzima jeni za kapsuli, ganda la nje la bakteria (*hasABC*), streptolisini O (sumu inayotoboa seli), streptokinasi (inayosaidia kuyeyusha damu iliyoganda) na SpyCEP, kimeng'enya kinachokata ishara ya IL-8 ili neutrofili, seli nyeupe za kinga, zisiitwe. CovR basi ni breki. CovS ikiharibika, breki inalegea na silaha zote hizo hutoka kwa pamoja.

Kama CovS mbovu inaleta ukali hivyo, mbona bakteria wenye kasoro hiyo hawajaenea kila mahali?

Kwa sababu kinachowafaa ndani ya damu kinawaangusha kooni. Wakiwa na kapsuli nene hawashiki vizuri seli za ngozi na koo, kwa hiyo hawapiti kirahisi kwa mtu mwingine. Kasoro huzuka kwa bahati bakteria wanapogawanyika, kisha neutrofili za mgonjwa huua wenzao na kuwaacha wao.

Hapa SpeB ina nafasi kubwa. Ni kimeng'enya kinachokata protini, zikiwemo za bakteria mwenyewe: protini M, streptokinasi, na Sda1 inayokata nyavu za DNA ambazo neutrofili hutega. *covS* (jeni ya CovS) ikiharibika, SpeB hupotea na silaha hizo hubaki nzima. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika M1T1, ukoo mmoja wa aina ya M1, Sda1 ndiyo inayowapa wenye kasoro hiyo nafasi ya kushinda.

Tuliongeza magnesi kwenye mchuzi wa kuoteshea na kapsuli ikapungua. Tumekosea wapi?

Hamjakosea. Magnesi ya milimola 10 hadi 15 kwa lita huichochea CovS, CovR inapata fosfeti zaidi, na jeni za kapsuli zinazimwa. LL-37, peptidi ya kinga ya binadamu, hufanya kinyume, tena kwa nanomola mia chache tu, kiwango kilicho chini ya kile kinachoua bakteria. Bakteria anaisoma silaha yetu kama taarifa kwamba yuko ndani ya mwili. Andikeni kiasi cha magnesi katika kila toleo la mchuzi, maana ukibadilisha chapa ya unga, matokeo nayo yanaweza kubadilika.

Vipimo vyetu vya RNA vya *emm* (jeni ya protini M) na *speB* (jeni ya SpeB) havirudiani. Wiki hii viko juu, wiki ijayo chini.

Chunguzeni kwanza hatua ya ukuaji. Mga, protini inayowasha jeni, huwasha *emm* na jeni nyingine ya ukali, *scpA*, bakteria wanapokua kwa kasi. *speB* huwashwa na protini nyingine, RopB, baadaye, bakteria wakishasongamana: peptidi fupi ya asidi-amino 8 hujilimbikiza nje ya seli, inarudi ndani na kuiamsha RopB, na mchuzi ulioingia uchachu husaidia. Mkiweka bafa nzito inayozuia uchachu, *speB* inaweza isionekane kabisa.

Otesheni kwenye mchuzi wa Todd-Hewitt wenye dondoo ya hamira asilimia 0.2, nyuzi 37, CO₂ asilimia 5, bila kutikisa. Pimeni ukungu wa mchuzi kwa mwanga wa nanomita 600 kila nusu saa, na mvune kwa kipimo kilekile kila mara, siyo kwa saa ya ukutani. Kwa hatua ya kukua kwa kasi, 0.4 hadi 0.5 inatosha. Zuieni RNA isiharibike papo hapo, kabla ya kuzungusha kwenye sentrifuji.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi: akiba yenu inaweza kuwa imebadilika. Kila mara mnapohamisha bakteria kutoka sahani hadi sahani, mnawapa nafasi ya kuharibu *covS* au *ropB*. Gandisheni mapema kwenye gliseroli asilimia 20, nyuzi -80, na kila jaribio lianze kwenye akiba hiyo. Kipimo cha bei nafuu ni sahani ya ageri yenye maziwa: wenye SpeB huacha duara angavu kuzunguka koloni, wasio nayo hawaachi. Chukueni makoloni kadhaa, siyo moja. Mkiona mchanganyiko, someni mfuatano wa *covR*, *covS* na *ropB* kabla ya kuamini matokeo yoyote.

M1UK, aina ya M1 iliyozuka Uingereza, nayo ina CovS mbovu?

Hapana. Aina hiyo, iliyoelezwa mwaka 2019, inatofautiana na M1 ya awali kwa herufi 27, na hutengeneza SpeA nyingi zaidi, sumu ya homa nyekundu. Badiliko linalohusika liko mwanzoni mwa jeni ya *ssrA*, iliyotangulia *speA*: usomaji wa DNA unapitiliza hadi kwenye sumu.

Haya yote yanabadilisha dawa?

Penisilini bado inafanya kazi. Koo lenye streptokoki hutibiwa kwa sindano moja ya benzathine penisilini msulini: yuniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 27 na zaidi, 600,000 chini ya hapo. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki sindano hiyo ina uzito wa pekee, kwani inazuia homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo.

Nyama ikianza kuoza, upasuaji hausubiri, na klindamisini huongezwa juu ya penisilini kwa sababu inazuia bakteria kutengeneza protini, sumu zikiwemo, hata wakiwa hawagawanyiki. Isitumike peke yake: usugu dhidi yake upo. Maabara iweke kidonge cha karatasi chenye erithromisini karibu na chenye klindamisini kwenye sahani yenye bakteria. Duara lisilo na bakteria kuzunguka klindamisini likijikata upande mmoja na kuwa umbo la D, usugu umejificha.