Avignon siku mbili na mama watoto: inatosha, ila punguza orodha

Mkuu, umesema unakuja Paris kikazi mwezi wa nne, mama watoto atakuwa nawe, na mnazo Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni. Umeuliza kama siku hizo zinatosha kuona mji wa Avignon kule kusini mwa Ufaransa, Arles, daraja la Warumi la Pont du Gard na vijiji vya Luberon. Mimi naishi Marseille, Avignon ni kama nusu saa kwa treni ya kasi, na wageni wangu wanaotoka nyumbani huwa nawapeleka huko. Ushauri wangu: hayo mengine yaacheni. Ipeni Avignon siku zote mbili, na mlale ndani ya kuta.

Hilo la kulala ndani nalisisitiza. Mji wa zamani umezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 14, urefu wake kilomita nne na ushee, na mpaka leo umesimama. Wageni wa kushinda hufurika kuanzia saa nne asubuhi, jioni wanaondoka. Hapo ndipo utaupata mji wenyewe: vichochoro vyembamba vya kupotea kwa raha kama Mji Mkongwe kwetu Unguja, na uwanja wa mbele ya kasri la mapapa ukiwa karibu mtupu. Hoteli za nje ya ukuta zinaweza kuwa nafuu, lakini jioni hizo mtazikosa.

Treni mnapandia kituo cha Gare de Lyon, hapo hapo Paris, mwendo wa saa mbili na dakika arobaini hivi. Tiketi kateni mapema kwa sababu bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Angalia sana jina la kituo. Avignon TGV kiko nje ya mji. Pale mnapanda treni ndogo, dakika tano tu, hadi Avignon Centre. Mkitoka Centre mnavuka barabara, mnaingia langoni, na mtaa wa République unawapeleka moja kwa moja hadi katikati. Teksi haina haja.

Ijumaa hiyo msifanye kingine zaidi ya kuweka mizigo na kupanda Rocher des Doms, bustani iliyo juu ya jabali nyuma ya kasri. Kutoka pale unauona mto Rhône, daraja lililokatika, na mlima Ventoux kwa mbali. Bebeni majaketi hata kama jua linawaka. Kuna upepo wanaouita mistral unaoshuka na bonde la mto kutoka kaskazini, mkavu na wa baridi, ambao unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Ukikuta unavuma, jabali liache mpaka kesho.

Jumamosi asubuhi ni ya Palais des Papes, yaani Kasri la Mapapa, na muwe mlangoni linapofunguliwa. Papa Clement V, Mfaransa, alifika Avignon mwaka 1309, na mapapa saba walifuatana hapo hadi Gregory XI alipoirudisha enzi Roma mwaka 1377. Benedict XII, aliyekuwa mtawa, alijenga upande wa zamani, mzito na usio na mapambo. Aliyemfuata, Clement VI, alipenda makuu, akaongeza upande mpya, na mwaka 1348 akaununua mji wenyewe kwa Malkia Joanna wa Napoli kwa florini 80,000.

Wengi hutoka humo wakilalamika kwamba ni kumbi tupu. Ni kweli ni tupu: Mapinduzi ya Ufaransa yalipita, halafu karne ya 19 likawa kambi ya jeshi, na kuna askari waliobandua vipande vya michoro ya ukutani wakaviuza. Kwa hiyo msipite haraka. Mnapoingia mnapewa kompyuta kibao inayoonyesha kila ukumbi ulivyokuwa, itumieni. Halafu tulieni kwenye vyumba viwili. Chumba cha kulala cha papa kina kuta za buluu zilizojaa mizabibu, ndege na kuchakuro, na ukisogea dirishani utaona vitundu vya ndege vimechorwa ndani ya unene wa ukuta. Jirani yake ni Chambre du Cerf, michoro ya mwaka 1343: watu wanawinda, wengine wako kwenye bwawa la samaki. Hakuna hata mtakatifu mmoja kwenye mandhari ile, na hicho ni chumba cha kazi cha papa! Mimi hapo hukaa mpaka wenzangu waniite.

Chakula: majiko mengi hufunga saa nane mchana na kufungua tena saa moja usiku, basi msichelewe. Ombeni papeton, chakula cha biringani cha mji huo, kinachowafaa pia wasiokula nguruwe. Maji ya bomba mezani ni bure, semeni tu «une carafe d'eau».

Mchana nendeni Rue des Teinturiers, mtaa wa watia rangi, wenye mfereji na magurudumu ya maji. Sisi watu wa kanga tuna sababu ya kuupenda. Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya kuchapwa vya mtindo wa Kihindi mwaka 1686, lakini Avignon ilikuwa bado mali ya papa, hivyo mafundi wake waliendelea kuchapa kwa miaka mingi. Mama watoto ataelewa haraka kuliko wewe.

Jumapili vukeni mto kwa kivuko cha bure kwenda kisiwa cha Barthelasse. Ratiba yake hubadilika kwa msimu, iangalieni kabla. Daraja la Saint-Bénézet lilikuwa na matao 22, yamebaki manne, na kwa maoni yangu linapendeza zaidi ukilitazama kutoka ng'ambo kuliko kulikanyaga. Nguvu zikiwepo, chukueni basi hadi Villeneuve-lès-Avignon, mji wa upande wa mfalme wa Ufaransa, wenye ngome ya Saint-André na watu wachache.

Na ukiahirisha safari, usiisogeze Julai bila kukata chumba miezi mingi kabla. Tamasha la michezo ya kuigiza lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947 huujaza mji wote.

Pont du Gard haina treni, msihangaike nayo safari hii. Mkibaki na hamu ya Warumi, Arles ni kama dakika ishirini kwa treni kutoka Centre, na uwanja wao wa michezo uko mwendo mfupi kwa miguu toka kituoni. Ila hapo itabidi Villeneuve muiache.