Jibu: Writer imepoteza vitufe, Word inajifunga baada ya umeme kukatika (usiondoe programu, tafuta faili la mipangilio)

Maalim, umeeleza kwamba umeme ulikatika kazi ikiendelea kwenye kompyuta mbili za ofisi ya skuli hapo Wete. Moja, LibreOffice Writer (programu ya bure ya kuandikia, mfano wa Word) inafunguka bila ya mistari ya vitufe vya juu. Ya pili, Word inaonesha nembo yake kisha inajifunga, na fundi kakwambia uondoe programu uweke upya. Usijisumbue. Programu inakaa Program Files, lakini mipangilio yako inakaa ndani ya folda ya mtumiaji, na kuondoa programu hakuigusi. Utashusha LibreOffice upya, MB zaidi ya mia tatu za bando, na ukiifungua utaikuta vile vile ilivyokuwa.

Kabla hujagusa kitu, okoa kazi ambayo haikuhifadhiwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu LibreOffice inaweka nakala za dharura ndani ya folda ile ile ya mipangilio, kwenye folda ndogo inayoitwa backup (%APPDATA%\LibreOffice\4\user\backup; bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika njia hiyo, kisha Enter). Ukiibadilisha jina folda kubwa kwanza, programu ikifunguka haitokuuliza kama unataka kurejeshewa barua yako, maana haijui tena kama ipo. Nakili kila kilichomo kwenye backup ukiweke Desktop. Kwa Word, kwa njia ile ile tizama %APPDATA%\Microsoft\Word utafute mafaili yanayoishia .asd, kisha %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Word kwa kawaida inaweka nakala hiyo kila dakika 10, kwa hivyo dakika za mwisho kabla ya giza usizitarajie.

Sasa LibreOffice. Funga madirisha yake yote, fungua Task Manager (Ctrl+Shift+Esc) uhakikishe soffice.bin, yaani LibreOffice yenyewe ikiwa bado inaendelea, haipo. Ikiwepo, Windows itakataa kubadilisha jina la folda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\LibreOffice\4 kisha Enter. Usiitafute kwa kubofya folda moja moja, kwani AppData imefichwa. Hiyo namba 4 isikutie wasiwasi: imebaki hapo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, hata kama umeweka toleo la 7 au la 24. Ndani utaona folda ya user. Kwenye Linux njia ni ~/.config/libreoffice/4/user, na kwenye Mac ni ~/Library/Application Support/LibreOffice/4/user.

Usianze kwa kufuta folda zima. Ingia ndani ya user utafute registrymodifications.xcu. Hilo ndilo linalobeba karibu kila ulichochagua kwenye Options, pamoja na mpangilio wa vitufe na orodha ya mafaili ya karibuni. Kompyuta ikizimika wakati linaandikwa, hubaki KB 0 au hukatika katikati. Lifungue kwa Notepad: likiwa zima, mstari wa mwisho ni </oor:items>. Kama mstari huo haupo, ugonjwa umeshauona. Libadilishe jina liwe registrymodifications.zamani, fungua Writer, nayo itaandika jipya. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na kamusi zako, makro (amri ulizozirikodi) na violezo (nyaraka za mfano) havijaguswa.

Likigoma, ndipo unabadilisha jina la user lenyewe liwe user_zamani. Nasema badilisha jina, usifute. Programu ikishafunguka vizuri, ifunge tena, kisha rudisha kutoka user_zamani folda hizi moja baada ya moja, ukijaribu kila mara: wordbook, autocorr, autotext, template, basic. Usirudishe registrymodifications.xcu wala folda ya viongezo (programu ndogo za nyongeza) uno_packages, maana utakuwa unairudisha shida yenyewe.

Folda ya wordbook ndiyo ya kulindwa kuliko zote. Ndani yake mna standard.dic, yaani maneno yote uliyoyaongeza ili yasipigwe mstari mwekundu. Ofisi inayoandika Kiswahili ina mamia ya maneno hayo: majina ya wanafunzi, na ya pahala kama Micheweni, Kengeja, Mtambwe. Ni faili la maandishi tu, unaweza hata kulichapisha. Mwenziwe wa Word ni CUSTOM.DIC, kwenye %APPDATA%\Microsoft\UProof.

Kuna njia ya menyu pia kwa LibreOffice: Help, kisha Restart in Safe Mode, au soffice --safe-mode ikiwa hata menyu imepotea. Dirisha litakalotokea lina vifungu vya kurejesha nakala ya nyuma, kuzima viongezo, na kurudi kwenye hali ya kiwandani. Kifungu cha kuweka upya profaili nzima (yaani folda ya user yote) kinachukua na kamusi, kwa hivyo nakili wordbook kwanza.

Word ni mzigo mwengine, kwani mipangilio yake imetawanyika pahala pengi. Anza kwa kupima. Kitufe cha Windows na R, andika winword /a. Amri hiyo inafungua Word bila ya viongezo na bila ya kusoma kiolezo chake kikuu. Ikifunguka salama, programu ni nzima, kosa liko kwenye mipangilio yako. Fuata mpango huu:

Nenda %APPDATA%\Microsoft\Templates, badilisha Normal.dotm iwe Normal_zamani.dotm. Jaribu. Bado? Tizama %APPDATA%\Microsoft\Word\STARTUP, toa chochote kilichomo ukiweke pengine. Programu za kutengeneza PDF na za marejeleo ya tasnifu hupenda kujipachika humo. Bado? Fungua regedit (kihariri cha rejistri, hazina ya mipangilio ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Word, bofya Data kwa kitufe cha kulia, chagua Export uhifadhi nakala, ndipo uifute. Namba 16.0 ni ya Office 2016, 2019, 2021 na ile ya kulipia kwa mwezi. Office 2013 ni 15.0 na 2010 ni 14.0. Usifute kitu kingine chochote kwenye rejistri, hata ukiona jina lake halina maana.

Angalizo kuhusu Normal_zamani.dotm: ukitaka kuokoa mitindo au makro zilizomo, usiibofye mara mbili. Kiolezo ukikibofya mara mbili kinazaa waraka mpya tu. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Open.

Kama Word imepona lakini ule mstari mdogo wa vitufe ulioupanga wewe bado umevurugika, hilo ni faili jengine tena: Word.officeUI ndani ya %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Office. Libadilishe jina, litaandikwa jipya.

Ikiwa kosa linatokea kwa waraka mmoja tu na nyaraka nyengine zinafunguka, acha mipangilio, mgonjwa ni waraka wenyewe. Na kama una shaka, iwashe LibreOffice kwa profaili ya majaribio bila ya kugusa yako: soffice -env:UserInstallation=file:///C:/jaribio. Ikifanya tatizo lile lile hata hapo, basi tafuta kwengine, khasa dereva ya kadi ya picha au programu yenyewe.

Baada ya kuweka upya, yako mambo yanayorudi kimyakimya. Karatasi inaweza kuwa imerudi Letter, milimita 216 kwa 279, badala ya A4 ya 210 kwa 297, na mtihani ulioutengeneza utakatika vibaya kwenye printa. Vipimo huenda vikawa inchi. Na kama skuli inaandika mitihani ya Kiarabu, kwenye LibreOffice nenda Tools, Options, sehemu ya lugha, uwashe tena Complex text layout na uchague Arabic, la sivyo vitufe vya kuandika kutoka kulia kwenda kushoto hutoviona.