Uzamili wa isimu: masharti yasome kuanzia ukurasa wa mwisho

Wiki ya kwanza ya uzamili nilipewa kijitabu cha idara chenye masharti yote ya kuhitimu. Nikapitia orodha ya kozi, nikaona mzigo unabebeka, nikakitia kabatini. Nilikuja kukitoa mwaka wa pili, siku nilipoambiwa kwamba mazungumzo niliyorekodi kwa watu sita hayawezi kuingia kwenye tasnifu yangu. Sharti lilikuwa limeandikwa wazi kwenye kurasa ambazo sikuzifikia: kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kwanza, kinasasauti baadaye. Kibali hakirudi nyuma kuhalalisha kilichokwisha kurekodiwa. Nikaanza upya.

Kwa hiyo wewe unayeanza sasa, masharti yasome kinyumenyume. Anza na tasnifu, rudi kwenye kibali, kisha pendekezo la utafiti, halafu ndiyo ufike kwenye kozi. Kozi zina mwalimu, ratiba na mtihani, zitakuvuta zenyewe. Tasnifu haina kengele.

Krediti, yaani vipimo vya mzigo wa masomo, zisikuumize kichwa, ila usilinganishe zako na za rafiki anayesoma nchi nyingine. Uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa kawaida ni krediti 180, wa miaka miwili katika nchi nyingi za Ulaya ni 120, na Marekani utakuta idara nyingi zinataka kati ya 30 na 36. Haina maana kwamba mmoja anasoma mara sita ya mwenzake. Krediti 1 ya Uingereza huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, ya mfumo wa Ulaya ni saa 25 hadi 30, na ya Marekani hufuata zaidi saa za darasani kwa wiki. Cha kutafuta kwenye kijitabu chako ni mambo matatu: krediti ngapi ni za tasnifu, alama gani ndiyo ya chini kabisa inayokubalika kwenye kozi za lazima, na muda wa mwisho wa kumaliza ni upi. Hilo la tatu watu hulikumbuka likiwa limebaki miezi mitatu.

Kozi za lazima karibu kila mahali ni zilezile: fonetiki (sauti zenyewe), fonolojia (mfumo wa sauti), mofolojia (muundo wa maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana), pamoja na mbinu za utafiti. Ukija kutoka fasihi, ualimu au kompyuta, huenda ukapangiwa kozi za kuziba pengo ambazo hazihesabiwi kwenye shahada. Zisome kwa bidii ileile. Mimi sintaksia ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu nilikuwa nakariri michoro ya matawi, ile inayoonyesha muundo wa sentensi, kana kwamba ni ramani. Mwalimu alikuwa hatazami mchoro, alikuwa anatazama hoja: umejuaje kwamba haya maneno mawili ni kirai kimoja, yaani kundi moja? Umejaribu kuyahamisha? Umejaribu kuyabadilisha na kiwakilishi? Niliwahi kupata alama nzuri kwa mchoro wenye kosa, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na ushahidi.

Idara nyingine zina sharti la lugha: uweze kusoma maandishi ya kitaaluma katika lugha ya pili, au usome muundo wa lugha iliyo mbali na yako kinasaba. Usilikwepe kwa kuchagua ya jirani. Mzungumzaji wa Kiswahili akipambana na lugha isiyo na ngeli wala upatanisho wa kisarifi, ndipo anapogundua ni mangapi alikuwa akiyaona ya kawaida tu.

Sasa nije kwenye swali la utafiti, maana hapo ndipo miezi inapopotelea. Nilimpelekea msimamizi wangu mada: vishazi rejeshi katika Kiswahili, yaani vile vipande vya sentensi vinavyoeleza nomino. Hakusema mbaya wala nzuri. Aliandika ubaoni mistari mitatu:

mtu anayesoma
mtu asomaye
mtu ambaye anasoma

Akauliza: huo wa tatu ni mrefu kuliko yote, kwa nini mtu ajisumbue nao? Nikasema ni mazoea. Akaniambia nikahesabu kila umbo linatumika mara ngapi.

Nikarudi na hesabu yangu, najivunia: kumbe watu wanaipenda sana amba-! Akachukua kalamu akaanza kukata. “Mtu ambaye amesoma”, akakata. “Mtu ambaye hakusoma”, akakata. Sababu yake ilikuwa rahisi na ilinitia aibu. Katika Kiswahili sanifu, kirejeshi (kile kipande kama -ye-) kinakaa ndani ya kitenzi chenye -na- na -li-, na -ta- kikigeuka -taka-, kama “atakayesoma”. Kwenye ukanushi kinakubali -si- tu: “asiyesoma”. Ukileta -me-, hakiingii. Aliyesema “mtu ambaye amesoma” hakuchagua amba-, alikuwa hana njia nyingine. Nilikuwa nimehesabu ulazima nikauita mapendeleo.

Baada ya kuviondoa hivyo vyote, kilichobaki kilikuwa kidogo na kitamu. Tazama “kitabu alichokisoma mwalimu” na “kitabu ambacho mwalimu alikisoma”. Katika ya kwanza, mtenda kasukumwa nyuma ya kitenzi. Katika ya pili, amba- imemwachia nafasi yake ya mbele. Je, mtenda akiwa kirai kirefu, “mwalimu mgeni aliyekuja jana”, wasemaji watakimbilia amba-? Hilo ni swali. Lina kitu cha kuhesabu, linaweza kukataliwa na data, na mtu mmoja analimaliza. Mada yangu ya mwanzo ingetaka kikosi kizima.

Kwa hiyo kabla hujaandika pendekezo, jaribu kusema swali lako kwa sentensi moja yenye “je”. Likikushinda, bado una mada, swali huna.

Kuhusu data, yapo mambo ambayo hakuna kijitabu kinachoyasema. Rekodi kwa WAV, si MP3, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde au zaidi. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti, na ukitaka kupima irabu utakuwa unapima kilichosalia. Zima feni. Kwenye zoezi langu la fonetiki feni ya dari ilizunguka saa nzima, mimi sikuisikia kabisa, lakini nilipofungua faili kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, nikakuta ukungu umetanda chini ya spektrogramu, ile picha ya sauti, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikio huizoea feni, maikrofoni haiizoei. Unukuzi nao upangie muda wa kweli: saa moja ya mazungumzo ya watu wawili wanaokatizana ilinila siku mbili, na hiyo ni baada ya kuzoea ELAN, programu ya kunukuu rekodi. Nakala za faili weka sehemu tatu. Hili sitalieleza zaidi, linaniuma.

Kisha mifano. Wengi hufuata kanuni za Leipzig, utaratibu wa kuandika maana ya kila sehemu ya neno chini yake, ambapo kila kistari kwenye neno lazima kiwe na mwenzake kwenye mstari wa maelezo chini yake. Ukiandika a-na-ki-som-a, vistari ni vinne, basi chini pia viwe vinne, vikitenga sehemu tano: nafsi, wakati, yambwa ya ngeli ya 7, mzizi, kiishio. Mtahini mmoja alihesabu vistari vyangu kwa ncha ya penseli, mfano baada ya mfano, akakuta kumi na moja vimekosea. Hakuuliza lolote kuhusu nadharia mpaka alipomaliza kuvihesabu.

Utetezi wa tasnifu mbele ya watahini, kwenye vyuo vilivyo nao, hauogopeshi kama unavyosimuliwa. Swali lililonishika lilikuwa la kwa nini sikuchunguza wasemaji waliojifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Nilianza kuzungukazunguka, nikaona nyuso, nikakatiza: sikuwachunguza kwa sababu sampuli ingegawanyika mno, na matokeo yangu hayawahusu. Wakaandika, wakasonga mbele.

Halafu huja masahihisho, na baada ya masahihisho huja pambizo. Kijitabu kilitaka ya kushoto iwe pana zaidi, kwa ajili ya kujalidi. Zangu zilikuwa sawa pande zote. Tasnifu ikarudishwa, nikapanua, majedwali yote yakahama kurasa, namba kwenye yaliyomo zikawa za uongo, ikarudishwa tena. Ukurasa wenye kipimo hicho ulikuwa wa mwisho kabisa.